Kitaa Chekundu cha Mlimani

Msomaji mmoja anayejiandaa kupanda Kilimanjaro ameniandikia akiuliza anunue taa ya kichwani ya lumeni ngapi, na kile kitaa chekundu kilichobanwa pembeni mwa taa nyeupe kina kazi gani. Muuzaji amemwambia ni pambo. Si pambo hata kidogo. Kwangu mimi hicho ndicho kitu cha maana kuliko vyote kwenye taa ile, na habari za lumeni na betri zitasubiri kidogo.

Safari ya kileleni huanza karibu na saa sita usiku. Wanaopitia kambi ya Barafu, mita 4,673 juu ya usawa wa bahari, hutembea gizani mpaka Stella Point, mita 5,756, na wengi hufika huko kukikucha. Ni mwendo wa pole pole juu ya kokoto na vumbi la volkano, kila mtu macho yake kwenye visigino vya aliyemtangulia. Kisha aliyetangulia anageuka kukuuliza kama uko salama, taa yake imewashwa kwa nguvu zote, na mwanga wote unakuingia machoni. Akigeuka tena kuendelea, njia haipo. Unaona doa la kijani likielea, na jiwe ulilokuwa ukiliona vizuri dakika moja iliyopita unalitambua kwa kujikwaa.

Sababu iko jichoni. Kwenye utando wa ndani ya jicho uitwao retina kuna seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Seli vijiti, karibu milioni 100 katika kila jicho, ndizo za gizani. Hazijui rangi, lakini hakuna mwanga ulio mdogo mno kwazo. Seli pia ni milioni chache tu, nazo ni za mchana na za rangi. (Wapo wanaoziita koni. Mimi nitashikilia pia, kwa sababu yeyote aliyewahi kuchezesha pia utotoni analijua umbo lile, na walimu wa hesabu wanalitumia neno hilohilo.)

Kila seli kijiti imejaa protini iitwayo rodopsini, na kila rodopsini imekumbatia molekuli ndogo ya retinali, inayotokana na vitamini A, ile ya maini, mchicha na viazi lishe. Retinali hukaa ikiwa imepinda. Hapo ndipo penye utamu wote wa habari hii. Fikiria mtego wa kware: kijana anachagua ufito mbichi, anauinamisha hadi karibu na ardhi, anaubana kwa kitanzi na kuondoka. Ufito unabaki pale umejikunja, umejaa nguvu, unangoja. Kware akidonoa chambo tu, unafyatuka na kunyooka. Retinali ndiyo ufito huo. Ikiguswa na chembe moja ya mwanga, yaani fotoni, inafyatuka kwa muda wa femtosekunde 200 hivi: igawe sekunde moja mara trilioni, chukua kipande kimoja, kisha ukikate mara tano. Kunyooka huko kunaisukuma rodopsini, rodopsini inaziamsha protini za jirani, na ishara inaelekea kwenye ubongo. Mwaka 1942 wanasayansi Hecht, Shlaer na Pirenne walionyesha kwamba seli kijiti moja huweza kuitikia fotoni moja. Moja tu!

Lakini mtego uliofyatuka haunasi kitu mpaka utegwe upya, na kutega ndiko kunakochukua muda. Retinali iliyonyooka hubanduka, ikapelekwa kwenye tabaka la seli lililo nyuma ya retina, ikapindwa huko, kisha ikarudishwa mahali pake. Mwanga mkali ukifyatua mitego mingi kwa mkupuo mmoja, kuitega yote huweza kuchukua nusu saa na zaidi. Mwanasayansi Franz Boll aliyashuhudia haya mwaka 1876: retina ya chura aliyewekwa gizani ilikuwa nyekundu, na ilipopata mwanga ikapauka mbele ya macho yake. Wekundu ule ulikuwa mitego ambayo haijafyatuka.

Sasa turudi dukani. Rodopsini hufyatuliwa kwa urahisi zaidi na mwanga wa rangi iliyo kati ya buluu na kijani, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 500. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni taa ya buluu iliyofunikwa kwa unga wa njano, kwa hiyo inazo fotoni tele za kuusumbua mtego. Kitaa chekundu kiko kwenye nanomita 620 na zaidi. Fotoni zake zina nguvu ndogo. Nyingi hupita juu ya chambo kama sisimizi na ufito hautikisiki, ilhali seli pia za mawimbi marefu zinaziona bila shida. Unafunga kamba za kiatu kwa seli pia, huku seli vijiti zikiwa bado zimetegwa kwa ajili ya mteremko na nyota.

Kweli, mwekundu nao ukiwa mkali hufyatua, na hewa nyembamba ya juu huzidhoofisha seli vijiti, zinazotumia oksijeni nyingi. Basi washa kwa kiasi.

Kuhusu lumeni, 200 hadi 300 zinatosha kabisa. Uliza zaidi taa inaweza kushuka hadi ngapi; ikifika 10 au chini yake, na mwekundu ukawaka bila kupitia mweupe kwanza, nunua. Usivutwe na saa nyingi zilizoandikwa kwenye boksi: kwa kiwango cha ANSI FL 1, muda huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo, kwa hiyo saa za mwisho ni za mwanga wa kibatari. Betri za alkali hulegea kwenye baridi, hivyo beba za lithiamu, na za akiba zikae mfuko wa ndani wa jaketi. Chagua taa ambayo kitufe chake kinafungika, maana isiyofungika hujiwasha ndani ya begi ikibanwa na chupa ya maji, na mchana mmoja wa namna hiyo unatosha kumaliza betri.