Kwa Nini Sura ya Mwisho Hufika Kwanza

Mwalimu mmoja wa sekondari mkoani Njombe ameniletea picha ya skrini na swali la mstari mmoja. Shule yake imepata kile kisanduku cha diski mbili kinachochomekwa kwenye rauta. Wameweka ndani yake programu ya torenti na sasa wanapakua Wikipedia nzima ya Kiingereza, ile iliyofungashwa na Kiwix ili isomeke bila intaneti. Mzigo wenyewe ni gigabaiti 100 hivi. Kwenye picha kuna ule mstari unaoonyesha kazi ilipofikia, na mtu angetegemea ujae kutoka kushoto kwenda kulia, kama ndoo inavyojaa kutoka chini. Wa kwao una madoadoa kama manyoya ya kanga. Mwanzoni kuna mapengo, katikati kipande hapa na kipande pale, na mwisho kabisa pameshajaa wakati kazi haijafika hata nusu. Mwalimu anauliza kama faili limeharibika.

Halijaharibika. Ningeingiwa na wasiwasi kama lingejaa kwa mpangilio. Sababu yake ni mojawapo ya mambo mazuri kuliko yote niliyowahi kukutana nayo katika sayansi ya kompyuta, na nimekuwa nikisubiri mtu aniulize.

Namna ya kuiweka programu sitakaa nayo. Visanduku vya Synology na QNAP vina duka lao la programu ndani, unabonyeza na kusubiri. Kwingine watu wengi huweka Transmission, wakaifungua kwa kivinjari kupitia mlango namba 9091, wakaiundia folda yake na neno la siri, wakaipunguzia kasi ya kupakia ili wengine nyumbani waendelee kutumia intaneti. Ni kazi ya dakika chache.

Kilichonichukua muda ni jina. Wauzaji wanakiita NAS, herufi tatu ambazo kwa Mswahili hazisemi kitu. Ukitafsiri neno kwa neno unapata "hifadhi iliyounganishwa na mtandao", ambayo ni maelezo, si jina. Ghala nalo halinikai vizuri, kwa sababu ghala ni la mfanyabiashara, lina mlango wa chuma na karani. Mimi nasema kihenge. Kihenge ni cha nyumbani. Kimesukwa kwa fito, kimeinuliwa juu ya ardhi ili panya na unyevu visikifikie, na nafaka hutolewa humo kidogo kidogo kadiri nyumba inavyohitaji. Diski mbili zinazobeba nakala ileile, ili moja ikifa nyingine ibaki, ni hesabu ya mtu wa kihenge hasa.

Jina hilo lina na sababu ya pili. Katika ulimwengu wa torenti, mwenye faili zima anayeendelea kuwapa wengine huitwa kwa Kiingereza kwa neno linalotokana na mbegu. Jepesi kulitafsiri ni "mpanzi", lakini halifai. Mpanzi akishaiweka mbegu ardhini, mkononi mwake haipo tena. Huyu tunayemzungumzia humpa jirani mbegu na yake inabaki palepale kihengeni, haijapungua hata punje. Huyo ni mgawa mbegu. Na kundi zima la kompyuta zinazopeana faili moja kwa wakati mmoja nitaliita bumba, kama tunavyosema bumba la nyuki.

Sasa twende darasani.

Wanafunzi wako 40, kitabu cha Biolojia ni kimoja, nacho ni cha mwalimu. Kina sura 12. Kunakili sura moja kwa mkono ni kazi ya jioni nzima. Mwalimu akimwazima mwanafunzi mmoja mpaka amalize, kisha akampa wa pili, kila mmoja atakaa na kitabu jioni 12, na wa 40 ataweka kalamu chini baada ya jioni 480. Hiyo ndiyo hali ya tovuti moja inayohudumia watu wengi. Kweli, seva huwahudumia wote kwa pamoja badala ya mmoja mmoja, lakini kazi ni ileile na mgongo unaoibeba ni ule ule mmoja.

Mwalimu mwenye akili anakata uzi wa kitabu. Jioni ya kwanza anatoa sura 12 kwa wanafunzi 12. Asubuhi kila sura ina nakala 2. Jioni ya pili zinanakiliwa sura 24, kwa hiyo asubuhi inayofuata kila sura ina nakala 4, jumla 48, zinazotosha darasa zima kushika kalamu kwa pamoja. Kuanzia hapo hakuna mkono unaokaa bure. Mambo yakienda sawa, wanafunzi wote 40 wana kitabu kizima baada ya jioni 14. Kutoka 480 hadi 14, na mwalimu hakununua hata kitabu kimoja cha ziada.

Lakini hebu tuyatazame hayo maneno "mambo yakienda sawa". Jumatatu kuna jaribio la sura ya kwanza. Kila mtu anaitaka hiyo. Nakala za sura ya kwanza zinazagaa mpaka zinafungiwa maandazi, halafu ya pili, halafu ya tatu, kwa mpangilio, kama mwanafunzi yeyote mwenye busara zake angefanya. Sura ya 12 hakuna aliyeigusa. Ipo moja tu, ile ya mwalimu. Wiki ya pili mwalimu anapata uhamisho. Anafungasha, anapanda basi la alfajiri, na sura ya 12 inaondoka kwenye begi lake. Nyuma wamebaki wanafunzi 40, kila mmoja na sura 11. Wakikaa duara kupeana hawana cha kupeana, maana walichonacho ni kimoja na walichokosa ni kimoja. Ukiwahi kuona torenti imegandia asilimia 99 siku tatu mfululizo, umeona darasa hilo.

Dawa yake ni kanuni ya maneno mawili: adimu kwanza. Katika vyote unavyoweza kuvipata sasa hivi, chukua kile ambacho wenzako wachache zaidi wanacho. Usitazame kipi unakitaka usome leo, wala kipi kinafuata. Ukiwa wewe ndiye unayeshika sura ya 12 siku ya kwanza, mwalimu anaweza kuhamishwa siku ya pili na kitabu kisife. Halafu kuna faida nyingine inayonifurahisha zaidi: kwa kuwa umeshika adimu, kila mtu darasani ana sababu ya kuja kwako, na kila anayekuja hakosi cha kukupa.

Nani anajua kipi ni adimu? Hapa ndipo nilipoweka kalamu chini niliposoma kwa mara ya kwanza. Kompyuta mbili zikikutana katika bumba, salamu yao ni orodha ya sifuri na moja, alama moja kwa kila kipande: 1 ninacho, 0 sina. Tuseme gigabaiti 100 za mwalimu wetu zimekatwa vipande vya megabaiti 4. Hivyo ni vipande 25,000, na orodha yake yote ni biti 25,000, yaani kilobaiti 3 na ushei. Maelezo kamili ya nani ana nini katika maktaba yote hiyo yanaingia kwenye ukurasa mmoja au mbili za maandishi. Baada ya salamu, kila kompyuta inapomaliza kipande hutangaza kwa majirani zake: cha 8,113 ninacho. Majirani wanaongeza moja kwenye hesabu zao, na hesabu haichakai.

Darasa letu halina kiranja. Hakuna anayegawa zamu, wala mwenye daftari la wote. Kila kompyuta inawaona majirani makumi kadhaa tu, hata kama bumba lina maelfu, na inahesabu uadimu wa mtaa wake peke yake. Hata hivyo bumba zima linasawazika, kwa sababu uadimu unajimaliza: ukishakichukua kipande adimu, kwa kitendo hicho hicho kimepungua uadimu, na jirani anayefuata anaelekea kwenye kingine. Kwa hiyo mstari wa mwalimu una madoa. Kila doa ni mahali ambapo kihenge chao kiliangalia mtaani, kikahesabu, kikaona pengo, kikaliziba.

Kanuni ina vighairi viwili, na vyote vina akili. Mgeni anayeingia hana kitu huchukua kipande chake cha kwanza kwa bahati nasibu tu, maana kilicho adimu kiko kwa wachache na kinaweza kuja polepole, naye anahitaji haraka kitu chochote cha kuanzia kubadilishana. Na mwishoni kabisa, vikibaki vijisehemu vichache, programu huviomba kwa kila mwenye navyo kwa mpigo, kisha huwafutia wengine ombi mara kimoja kinapofika, ili kompyuta moja ya kujivuta isiicheleweshe kazi nzima.

Kanuni hii na vighairi vyake vimeelezwa na Bram Cohen, Mmarekani aliyetoa toleo la kwanza la BitTorrent mwaka 2001, katika makala yake fupi ya mwaka 2003. Humo humo anaeleza ukarimu wenye masharti: kila baada ya sekunde 10 programu inatazama ni wepi wanaoipa kwa kasi, inawapa hao, kwa kawaida wanne, na wengine inawafungia. Ila kila baada ya sekunde 30 inamfungulia mmoja kwa kumbahatisha, hata kama hajawahi kuipa chochote. Bila hiyo nafasi moja ya bahati mgeni asingepata pa kuanzia.

Kuhusu faili kuharibika, hilo nalo lina mlinzi. Faili dogo la torenti linabeba alama ya kidole ya kila kipande, ambayo kwa torenti nyingi huandikwa kwa tarakimu na herufi 40. Ikibadilika biti moja ndani ya kipande, alama inakuwa nyingine kabisa. Juzi umeme ulikatika nyumbani saa tano usiku, torenti yangu ikiwa imefikia asilimia 61. Uliporudi niliiamuru programu ikague kila ilichonacho. Nilikaa sakafuni karibu na kihenge changu nikiitazama ile taa ya kijani ikipepesa, diski ikikwaruza ndani kama panya kwenye dari. Baada ya dakika kadhaa mstari ukarudi pale pale, vipande 2 vikiwa vimekataliwa. Vikaombwa upya kwa mtu mwingine, vikaja, alama zikalingana. Faili linalopakuliwa kwa mstari mmoja ulionyooka lingeweza kunilazimisha kuanza upya.

Ndiyo maana kazi hii ni ya kihenge, si ya kompyuta ya ofisini. Kihenge cha diski mbili kwa kawaida hula chini ya wati 20, karibu nusu uniti ya umeme kwa siku nzima, nacho hakuna anayekifunga na kukitia begini saa kumi jioni.

Tahadhari ni chache. Pakua kilichoruhusiwa kugawanywa, kama hii Wikipedia au mifumo ya Debian na Ubuntu. Namba yako ya intaneti inaonekana na kila uliyeungana naye. Mlango ule wa 9091 usiufungue kwa dunia. Anayetumia modemu ya laini ya simu mara nyingi hawezi kufikiwa kutoka nje, ila yeye anaweza kuwafikia wengine na kuwagawia, na hiyo inatosha. Anayelipia kila gigabaiti asijaribu.

Basi, mwalimu, faili lenu ni zima na madoa yake ni dalili njema. Msilisimamishe ili kuanza upya. Likifika asilimia 100, kwenye Transmission ule mstari wa bluu utageuka kijani, na hapo wengi huifuta torenti papo hapo. Ninyi msiifute. Iacheni ifanye kazi usiku, wakati hakuna anayeigombania intaneti ya shule, mpaka mlichogawa kilingane na mlichopokea: zimeingia gigabaiti 100, nazo zitoke gigabaiti 100.