Mshale wa Joto Usiotulia: Kufundisha Utafutaji wa Hitilafu kwa Injini

Walimu wanachuo wengi huliogopa somo la injini, wakidhani kwamba halifundishiki pasipo karakana na fundi. Hofu hiyo haina msingi. Injini inayopozwa kwa maji, iwe ya mashine ya kukatia nyasi, ya trekta au ya lori, ni zana ya kufundishia ambayo shule nyingi zinaweza kuipata jirani. Katika makala hii tunachukua hitilafu moja tu, yaani mshale wa joto unaopanda na kushuka bila kutulia, ili tuonyeshe jinsi mwalimu awezavyo kuwazoeza watoto kuuliza kabla ya kufungua.

Mfano wetu unatoka Matamba, wilayani Makete. Malori yaendayo huko hupanda kutoka Chimala kwa barabara iitwayo Hamsini na Saba, jina lililotokana na hesabu ya kona zake. Gari lenye shehena hupanda polepole kwa gia ndogo. Injini inafanya kazi kubwa huku upepo unaopita kwenye rejeta ni haba. Mshale ukipanda kidogo mlimani na kushuka barabara inapokuwa tambarare, hapo hapana ugonjwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kuandikwa ubaoni ni hili: mshale unapanda wakati gani?

Majibu ya swali hilo hutenganisha hitilafu zinazofanana. Joto likizidi kila mzigo unapoongezeka, tuangalie rejeta na mkanda wa feni. Katika mashine ya kukatia nyasi aghalabu kosa huwa nje kabisa: makapi ya nyasi yameziba wavu wa rejeta, na kuyaondoa hakuhitaji spana. Joto likizidi gari linaposimama huku injini ikiunguruma, na kupungua linapokwenda, feni ndiyo ya kushukiwa. Mshale ukipanda sana, kisha ukashuka kwa ghafla na kurudia hivyo, yawezekana themostati inakwama au hewa imenaswa ndani ya njia za maji.

Lakini mshale ukiruka kwa kufumba na kufumbua, maji hayahusiki. Hapa mwalimu ana nafasi nzuri ya kuunganisha somo la joto na maisha. Ili lita 10 za maji zipande nyuzi 20 za Selsiasi zahitajika kilojuli 840 hivi, na hakuna maji yapatayo joto hilo kwa nukta moja. Kinachoruka ni umeme: waya uliolegea, au kipima joto kilichochakaa. Watoto waliowahi kungoja sufuria ya ugali ichemke wataelewa hoja hii upesi kuliko tunavyotazamia.

Jambo la pili lahusu kimo. Uwanda wa Kitulo, ulio juu ya Matamba, una kimo cha mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Huko maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, wala si 100 kama Dar es Salaam. Themostati nyingi huanza kufunguka karibu na nyuzi 82. Basi nafasi iliyopo baina ya kufunguka kwa themostati na kuchemka kwa maji ni nyuzi 9 tu, ambapo pwani ni 18. Kifuniko kizima cha rejeta hushikilia mgandamizo na kusogeza uchemkaji hadi zaidi ya nyuzi 110, hata huko juu. Kikichoka, maji huchemka mapema, mvuke na maji hukigusa kipima joto kwa zamu, na mshale hucheza. Gari lililotulia bondeni laweza kuanza vituko mlimani kwa sababu ya kifuniko tu.

Kwa jaribio la darasani, mwalimu aombe themostati kuukuu kwa fundi. Aitundike kwa waya ndani ya sufuria ya maji, isiguse kitako, pamoja na kipimajoto, kisha wanafunzi waandike joto kila dakika hadi vali ianze kuachia. Tahadhari moja: themostati hufunguka kikamilifu baada ya nyuzi 10 au zaidi kupita pale ilipoanzia. Katika nyanda za juu maji ya sufuria yatachemka kabla ya hapo, kwa hiyo isihukumiwe kuwa mbovu kwa kuwa imefunguka nusu.

Baadhi ya mafundi huing'oa themostati na kuitupa. Hatukubaliani nao, hasa katika nchi ya baridi kama Makete, ambako miezi ya Juni na Julai huleta jalidi. Injini isiyopata joto lake hula mafuta mengi na kuchakaa mapema.

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ingali moto. Maji hayo huruka na kubabua uso. Mwalimu akifungue mwenyewe, rejeta ikiwa imepoa kiasi cha kushikika kwa mkono mtupu. Mkanda nao uguswe injini ikiwa imezimwa. Baada ya hapo ukaguzi ufuate gharama: kina cha maji, kifuniko, mkanda, rejeta, nyaya, kisha themostati. Gasketi ya silinda hedi iwe ya mwisho, na dalili yake ni mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta, ambayo hutazamwa injini inapowashwa ikiwa baridi na kifuniko kimeondolewa tayari.

Mwishoni mwa kipindi kila kikundi kipewe kisa cha kutatua. Kwa mfano: mshale umetulia katikati, dereva anawasha taa kubwa, mshale unaruka juu, anazizima, unarudi. Tunatarajia wanafunzi waelekee kwenye waya wa ethi. Atakayetaka rejeta ifunguliwe arudishwe kwenye swali lile la kwanza ubaoni.