Kibaba cha Mpagazi: Mtu Anayetaka Kupungua Ale Wanga Kiasi Gani kwa Siku?

Katika mazungumzo yetu tumezoea kuzungumza juu ya mbegu, mbolea, matuta ya tumbaku na magonjwa ya kuku. Leo tutazungumza juu ya sahani yako. Usishangae. Mazao yakitoka shambani yanaingia ghalani, na ghalani kuna hesabu. Yakitoka ghalani yanaingia mwilini, na huko nako kuna hesabu yake.

Swali letu ni hili. Mtu aliyenenepa kupita kiasi, akitaka kupungua kwa njia ya kupunguza wanga, ale wanga kiasi gani kwa siku? Mmoja atakuambia acha ugali kabisa. Mwingine atakuambia ugali haujamdhuru babu yako, kwa hiyo kula ushibe. Hebu tulichambue jambo hili polepole.

ZAMANI NA SASA

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa vikundi vikundi chini ya mti, redio katikati, wakasikiliza na kujadiliana. Wakati ule hofu kubwa ilikuwa kupungukiwa na chakula. Hofu hiyo haijaisha, maana hata leo tunao watoto waliodumaa. Lakini sasa limeingia tatizo la pili katika nyumba zile zile. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wazima wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kuwa kama robo yao walikuwa na uzito uliozidi. Uzito huo ndugu zake ni kisukari na shinikizo la damu.

Na sisi wa Kaliua tunajuana. Mtu akinenepa baada ya kuuza tumbaku, tunasema mambo yake mazuri. Akipungua, watu wananong'ona kwamba anaumwa. Ndiyo maana wengi wanaona haya kupungua hata pale daktari anapowaambia wapungue. Kitambi si cheo, ndugu yangu. Ni akiba iliyowekwa mahali pasipofaa.

POSHO YA MPAGAZI

Njia ya misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi yetu hii ya magharibi, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mzungu Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika habari za chakula chao. Mpagazi alipewa posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kibaba kilikuwa kama ratili moja na nusu, yaani karibu gramu 700 za nafaka kavu.

Sasa piga hesabu. Katika kila gramu 100 za nafaka kavu, kama mahindi, mtama au mchele, zipo gramu 75 hivi za wanga. Kwa hiyo kibaba kimoja kilimpa mpagazi gramu 500 za wanga, au zaidi kidogo. Ni nyingi, sivyo? Lakini mtu yule alibeba mzigo wa kilo 30 hivi begani, akatembea porini tangu alfajiri. Wanga ule wote uliungua njiani.

Wewe leo unakwenda shamba kwa pikipiki. Gunia linapandishwa lori. Je, posho yako imepungua? Tutaona.

WANGA UNAVYONENEPESHA

Wanga ni kile chakula cha nguvu kilichomo katika ugali, wali, muhogo, viazi, ndizi, mkate, sukari na asali. Ukifika tumboni unavunjwa kuwa sukari na kuingia katika damu. Kongosho linatoa homoni iitwayo insulini, nayo inaifungulia sukari milango ya kuingia mwilini. Inayotakiwa kwa kazi inatumika. Inayobaki inawekwa kwanza katika ini na misuli, lakini ghala hilo ni dogo, linachukua kama nusu kilo tu. Ghala likijaa, ziada inageuzwa mafuta.

Mtu akipunguza wanga, kwanza analimaliza ghala lile dogo. Humo kila gramu ya akiba inakaa na gramu tatu hivi za maji. Kwa hiyo juma la kwanza mtu anaweza kupungua kilo moja au mbili akashangilia. Bwana wee, hayo mengi ni maji! Mafuta yanaondoka taratibu baadaye, kama nusu kilo kwa juma, na kwa sharti kwamba chakula chote kwa jumla kimekuwa kidogo kuliko kazi ya mwili. Ukipunguza ugali kisha ukamimina mawese kwenye mboga bila kipimo, hujafanya kitu. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina kalori 9.

TUPIME KWA KIKOMBE

Wengi wetu hatuna mizani jikoni, lakini kikombe kipo. Chukua kikombe cha robo lita, jaza unga, sawazisha juu kwa kisu. Hiki ndicho kibaba chetu kidogo. Hesabu zifuatazo ni za kukadiria:

Unga wa mahindi, kikombe kimoja: gramu 100 za wanga.
Wali uliopikwa, kikombe kimoja: gramu 45 hadi 50.
Kiazi kitamu kimoja cha kadiri, kilichochemshwa: gramu 30.
Muhogo uliochemshwa, gramu 100: gramu 38.
Maharage yaliyopikwa, kikombe kimoja: gramu 40, na karibu theluthi yake ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari.
Andazi moja: gramu 25 hivi.
Soda, chupa moja: gramu 35 hadi 40.
Asali, kijiko kikubwa kimoja: gramu 17.
Sukari, kijiko kidogo kimoja: gramu 4.
Maziwa, kikombe kimoja: gramu 12.
Karanga, konzi moja: gramu 5.
Matembele, kisamvu, mlenda, mchicha: gramu chache tu.
Dagaa, migebuka, nyama, mayai: karibu hakuna.

Angalia jambo moja. Dona na sembe hazitofautiani sana kwa wanga, lakini dona ina nyuzinyuzi zaidi na inashibisha kwa muda mrefu. Na michembe na matobolwa, kwa kuwa vimekaushwa, vina wanga mwingi kuliko kiazi kibichi cha uzito ule ule. Usidanganywe na udogo wa kipande.

HESABU YA SIKU MOJA

Tuseme yuko mkulima mmoja, ana miaka 45 na kilo 92. Asubuhi anakunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari na kula maandazi matatu: gramu 87. Mchana anakula ugali wa kikombe kimoja na nusu cha unga, na maharage kiasi: gramu 175. Alasiri yuko stesheni na wenzake, anakunywa soda: gramu 38. Akirudi anakuta viazi viwili vilivyochemshwa: gramu 60. Usiku ni ugali tena, kikombe kimoja na nusu, kwa dagaa: gramu 150. Jumla ni gramu 510.

Umeona? Mtu huyu amekula kibaba kizima cha mpagazi, na mzigo hana. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nasi tumekijaza kwa soda, andazi na kijiko cha sukari.

KIASI GANI BASI?

Mwaka 2002 wataalamu wa lishe wa Marekani na Kanada waliweka gramu 130 kwa siku kuwa kiasi cha kuutosha ubongo wa mtu mzima. Watu wengi wanaotumia njia ya kupunguza wanga hukaa chini ya mstari huo. Wapo wanaoshuka hadi gramu 50, na wengine 20. Njia yenyewe si mpya. Mwaka 1863 William Banting wa London, aliyekuwa mwandaaji wa mazishi, alitoa kijitabu kueleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi.

Je, kushuka sana kunashinda njia nyingine? Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa miezi 12. Kundi moja lilipunguza mafuta, jingine wanga. La mafuta lilipungua kwa wastani kilo 5.3, la wanga kilo 6.0. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema kundi moja limelishinda jingine. Somo ni kwamba njia nzuri ni ile utakayoiweza mwaka mzima, na si majuma mawili.

Kwa hiyo, kwa mtu mzima wa kwetu mwenye afya, nashauri ngazi mbili.

Ngazi ya kwanza ni gramu 200. Asubuhi kiazi kimoja, yai na kikombe cha maziwa au chai isiyo na sukari. Mchana ugali wa nusu kikombe cha unga, kikombe cha maharage, na matembele mengi. Usiku ugali wa nusu kikombe, dagaa, mlenda na konzi ya karanga. Soda, maandazi na sukari vyote nje. Sahani yako nusu iwe mboga za majani, robo iwe maharage, samaki au yai, robo iliyobaki ndiyo ya ugali. Kaa hapo miezi miwili na kupima uzito mara moja kwa juma.

Ngazi ya pili ni gramu 130 hadi 150. Hapa unaacha ugali wa usiku, unabaki na mboga, dagaa na karanga. Panda ngazi hii kama ya kwanza imekwama. Chini ya 130 usishuke peke yako. Hiyo ni kazi ya kufanya pamoja na daktari.

Na msimu nao uuangalie. Mvua zikianza, unapolima matuta, na baadaye unapovuna tumbaku na kulisha moto mabani usiku kucha, wewe umekuwa mpagazi tena. Ongeza nusu kikombe au kikombe kizima cha unga. Kiangazi, tumbaku imekwisha uzwa na jembe limepumzika, rudi kwenye kipimo. Kosa letu kubwa ni kula posho ya masika wakati wa kiangazi.

WASIOPUNGUZA

Haya hayawahusu watoto, mama wajawazito wala wanaonyonyesha. Hayamhusu mtu mwembamba. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari asipunguze wanga kabla ya kuonana na daktari wake, maana dawa ile ile juu ya chakula kidogo inaweza kuiangusha sukari hadi mtu akazirai, hata kufa. Mwenye ugonjwa wa figo naye aulize kwanza. Na mtu anayepungua bila kujitahidi asifurahi, aende akapimwe.

Tena mama, usipike kipimo cha baba kwa nyumba nzima. Mtoto anayekua anahitaji uji wake, wenye karanga ndani.

SHAMBANI KUNA NINI?

Utasema, ugali ni rahisi, nyama ni ghali. Ni kweli. Ndiyo maana jibu liko shambani kwako. Usiipe tumbaku ardhi yote. Tenga sehemu ya kunde, choroko, maharage na karanga. Lima bustani ya mboga karibu na kisima. Anika nsansa wakati majani ya kunde ni mengi, zikufae kiangazi. Weka kuku wa mayai. Dagaa wa Kigoma wanatufikia kwa reli, nunua kwa wingi wakiwa rahisi. Sahani ya kupungua inaanzia kwenye mpango wa shamba, mwezi wa kumi, kabla mvua haijanyesha.

Kwa leo tukomee hapa. Kesho asubuhi, kabla maji ya ugali hayajachemka, pima unga wako kwa kikombe, ujue unakula posho ya nani.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Nyumbani kwako unapikwa unga vikombe vingapi kwa siku, na unaliwa na watu wangapi?
2. Ni miezi ipi kazi yako ni nzito, na ni ipi ni nyepesi? Je, chakula chako kinabadilika?
3. Ni nani katika kikundi chenu asiyepaswa kupunguza wanga, na kwa nini?
4. Msimu ujao mtatenga eneo gani kwa mikunde na mboga?