Waota gari la mbio? Punguza kilo kwanza

Pitia gereji za Riruta, kando ya Naivasha Road, na stori ni moja: injini kubwa. Lakini wewe unayetaka kujiundia gari la mbio, hebu ngoja kidogo.

Mwaka 1957 Mwingereza Colin Chapman alianza kuuza Lotus Seven. Mnunuzi aliweza kuichukua vipande vipande, akaiunganisha mwenyewe nyumbani na kuepuka kodi ya gari jipya. Injini ilikuwa ndogo, lakini gari zima lilikuwa na kilo 500 hivi, karibu nusu ya Vitz. Gari jepesi huchomoka upesi, hukata kona vizuri na halichoshi breki.

Breki ndizo mpango mzima. Ukiongeza mwendo mara mbili, kazi yake huwa mara nne. Zikipata moto sana, mafuta yake huchemka na pedali inazama tu. Kwa hivyo badilisha mafuta hayo mapema, na ukaze kila nati kabla ya kutoka.

Halafu usijaribie Naivasha Road, katikati ya bodaboda na watoto wa shule. Jamhuri Park, hapo jirani tu, kumewahi kuandaliwa mashindano ya magari. Ulizia siku yake. Uwanjani ukikosea kona, unajiumiza mwenyewe, si mtoto wa wenyewe.