Kupunguza Kasi ya Video Katika Uhakiki wa Fasihi Simulizi

Mwalimu wa Fasihi Simulizi, tatizo hili unalifahamu. Umewaonyesha wanafunzi wa Kidato cha Tatu video ya ngano. Fanani anakunja uso, anaiga sauti ya fisi, anapiga kofi na kuigeukia hadhira, yote hayo kwa kufumba na kufumbua. Darasa linacheka. Ukiuliza ni ishara zipi zilizotumiwa, wanatazamana.

Tarakilishi yaweza kukusaidia hapa. Chukua programu ya VLC, ambayo hupatikana bila malipo. Video ikiwa inacheza, bonyeza kibonye cha mabano ya mraba ya kufungua, [, na kasi itapungua kwa sehemu moja ya kumi. Mabano ya kufunga, ], huiongeza kwa kiasi hicho hicho. Alama ya = huirejesha kasi ya kawaida. Kibonye cha E nacho huisimamisha video na kuisogeza picha moja moja, jambo linalofaa sana unapochunguza uso wa fanani. Kwa video zilizo katika YouTube, bofya gurudumu dogo lililo chini ya picha, kisha uchague kasi, kuanzia 0.25 hadi 2.

Kwa maoni yangu, kasi ya 0.8 yatosha kwa maneno yanayomezwa. Chini ya 0.5 sauti huanza kukatikakatika, kwa hivyo izime ubaki na ishara tu.

Lakini kuna mtego. Zamani, kanda ya kaseti ilipozungushwa polepole, sauti ilikuwa nzito kama ya zimwi na kila mtu alijua kuna hitilafu. Programu za siku hizi huirefusha sauti bila kukishusha kidatu. Fanani husikika kama mtu wa kawaida, ila ametulia mno.

Mimi mwenyewe niliingia mtegoni. Nilikuwa nimetayarisha somo jioni kwa kasi ya 0.7, na kesho yake nikawachezea wanafunzi video ile bila kubonyeza =. Simulizi ya dakika 7 ikawa ya dakika 10. Katika majibu yao, wengi waliandika kwamba fanani alizungumza polepole na kutua kwa muda mrefu ili kujenga taharuki. Nilikuwa nimekwisha kutuza alama karatasi kadhaa nilipokumbuka kwamba bibi yule husema mbio kama mvua ya mawe! Wanafunzi hawakukosea, walihakiki walichosikia. Aliyebadilisha matini ni mwalimu. Ilinibidi niwaeleze, nifute zoezi zima na kuanza upya.

Tangu hapo, video huchezwa kwanza kwa kasi yake halisi, tangu mwanzo hadi mwisho, na madaftari yakiwa wazi. Hapo ndipo tunapoandika kuhusu vituo, mapigo, kasi ya usemi na mwitikio wa hadhira. Kupunguza kasi huja baadaye, kwa sehemu teule tu, tukitafuta miondoko, ishara na maneno yaliyotupita. Kidatu chaweza kujadiliwa katika mzunguko huu wa pili. Urefu wa kimya hauwezi, kwa maana kimya cha sekunde 2 huwa cha sekunde 4 kasi ikiwa 0.5.

Ushairi unaoghanwa una nafuu kidogo. Mwanafunzi anayehesabu mizani za mshororo uliovutwa kwa mahadhi atazipata vyema video ikipunguzwa kasi, kwani idadi ya silabi haibadiliki hata ukiicheza polepole kiasi gani. Akitaka kuyajadili mahadhi yenyewe, sharti arudi kwenye kasi halisi.

Siku hizi huwaagiza waandike kasi pambizoni mwa kila hoja: 1, 0.8 au 0.5. Ninaposahihisha, hoja yoyote kuhusu taharuki iliyotokana na kimya, na ambayo pambizoni pake pana 0.8, naizungushia duara na kumwita mwenyewe tuitazame tena pamoja.