Foleni Zisizoonekana

Mwezi wa Oktoba mwaka 1986, baina ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani yake, masafa ya yadi 400 tu, mawasiliano yaliyokuwa yakipita kwa kasi ya biti 32,000 kwa sekunde yaliporomoka ghafula hata yakafikia biti 40, wala hapakuwa na waya uliokatika. Van Jacobson, aliyeichunguza nakama hiyo, akatoa dawa yake mwaka 1988: kila kompyuta itumayo na ipunguze mwendo pindi ionapo pakiti zake, yaani vipande vya data itumavyo, zinapotea njiani.

Dawa ilifaa, illa ilikuwa na sharti, kwamba lazima kitu kipotee ndipo mtumaji atanabahi. Na kwa kuwa kumbukumbu za kompyuta zilizidi kuwa rahisi, watengenezaji wa ruta, vyombo vielekezavyo pakiti njiani, wakazitia ghala kubwa za kuhifadhi pakiti, wakidhani kutopoteza kitu ni ihsani, kumbe pakiti zilingojea humo hata sekunde nzima, naye mtumaji, asiyeona hasara yoyote, akazidi kumimina. John Nagle alikwisha kuonya mwaka 1985 kwamba hata ghala isiyo na mwisho haiondoi msongamano. Hakusikilizwa sana.

Mwaka 2012 Kathleen Nichols pamoja na Jacobson huyo huyo wakatoa kanuni ya CoDel, isiyojali urefu wa foleni bali muda ambao pakiti imekaa ndani yake: kungoja kukizidi milisekunde 5 kwa milisekunde 100 mfululizo, ruta huanza kutupa. Kisha, Januari 2023, baraza la wahandisi wa intaneti, IETF, likachapisha hati za L4S, ambazo kwazo ruta hutia pakiti alama mapema badala ya kuitupa, na mtumaji hupunguza mwendo kidogo kidogo, kwa azma ya kuiteremsha foleni chini ya milisekunde moja. Kanuni zake kuu zimetolewa kwa hadhi ya majaribio, na kwa maoni yangu hadhari hiyo ni ya haki, maana watumaji wa mtindo wa kale wangaliko, nao wasidhulumiwe.

Mwendo wa nuru ichukuayo pakiti hizo, hata hivyo, hauna kanuni ya kuuharakisha: ndani ya faiba hukata takriban kilomita 200 kwa milisekunde, hivyo aliye Mombasa hapati jibu kutoka London chini ya milisekunde 70. Zinazozidi hapo, aghalabu, ni njia za mzunguko na foleni, na makampuni yatuuziayo megabiti ni nadra kuzitaja; atakaye kuzijua na apime muda wa jibu wakati mwenziwe nyumbani anapandisha video.