Andiko moja, masikio manne

Warwick Junction, mjini Durban, Afrika Kusini, ni makutano ya treni, mabasi na teksi ambako zaidi ya watu 400,000 hupita kila siku. Wachuuzi huuza mboga, mahindi ya kuchemsha na dawa za miti shamba. Jirani na soko, Kanisa Kuu la Emmanuel na msikiti wa Juma vimekaribiana. Maandiko hayakosi wasikilizaji hapo. Je, wote husikia jambo moja?

La, anajibu Leslie Francis, kasisi wa Kianglikana aliyefanya utafiti kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza. Kwa kufuata nadharia ya aina za tabia aliyoitoa Carl Jung mwaka 1921, yeye na wenzake waliwaweka wasomaji wa tabia moja katika kundi moja, wakawapa makundi yote fungu lile lile la Biblia. Kila kundi lilirudi na mambo yake.

Chukua mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Walioanza alfajiri na walioingia saa kumi na moja jioni wanalipwa dinari moja, ujira wa siku. Mtu wa kuangalia mambo yalivyo atahesabu saa na fedha. Mwenye kuona mbali ataona dunia mpya. Mwenye huruma atamwaza aliyesimama kutwa bila kuajiriwa. Mpenda hoja atauliza: haki iko wapi?

Wako wanasaikolojia wanaopinga mgawanyo huu, wakisema binadamu hatoshei katika visanduku vinne. Tena tabia si kila kitu. Huko Pietermaritzburg, si mbali na Durban, Kituo cha Ujamaa cha Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kilisoma mfano huo huo pamoja na vibarua wa kutwa, na Gerald West na Sithembiso Zwane wakaandika juu yake mwaka 2013. Kwa vibarua hao, kusubiri kazi barabarani si fumbo.

Jambo hili si dogo. Mhubiri mwenye sikio moja anaweza kutumia mfano huo kuwaambia maskini waridhike na ujira wowote. Mwingine atasema kila mtu anastahili riziki ya siku. Ndiyo maana ni heri kusoma pamoja na asiyefanana nawe.